Mwenye Kuuza Mashua Aseme Nini?

Wasomaji wetu walio kando ya Tanganyika, huko Kalemie na Moba na Uvira, wanajua mashua ni kitu gani. Wanajua pia hila moja ya zamani. Mtu ana mashua ya mbao, na ubao mmoja wa chini umeoza. Ataka kuiuza. Basi aukwangua ubao ule kidogo, aukalafati kwa pamba, aupaka rangi mpya, kisha apaka mashua nzima ili ubao ule mmoja usijulikane. Mnunuzi akija aona mashua yang'aa. Mtu huyo twamjua jina lake ni mwizi, wala haihitaji gazeti kutuambia hivyo.

Leo tunataka kusema juu ya jambo gumu kuliko hilo, yaani juu ya mtu mwema. Hakupaka rangi ubao mbovu, hakusema uwongo hata neno moja, tena ameitunza mashua yake kuliko watu wengine wanavyotunza nyumba zao. Je, aweza yeye naye kumdanganya mnunuzi? Ili tulione jambo hili vizuri, twende mbali kidogo, mpaka pwani ya kusini ya Uingereza. Huko mashua za matanga ni nyingi sana, zinauzwa na kununuliwa kila mwaka, na sheria ya huko inaacha mlango wazi ambao sheria nyingine zimeufunga.

Tuseme kuna mzee mmoja. Jina hana, maana tumemtunga sisi, lakini wa namna yake wako. Miaka 14 iliyopita alinunua mashua iliyojengwa mwaka 1980. Urefu wake ni mita 11. Mwili wake si wa mbao, bali wa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, na chini yake una mkuku wa chuma, mzito sana, uliofungwa kwa bolti. Uzito wa mkuku ndio unaoishika mashua isipinduke upepo unapoyapiga matanga. Ndani mna vitanda, jiko, na meza ya kutandazia ramani. Mashua ya namna hii si ya kuvua samaki wala ya kuchukua mizigo. Ni ya kusafiri tu, hata kuvuka bahari kubwa. (Wengine watauliza: kwenda kufanya nini? Hata wenyewe wakiulizwa hawajibu vizuri. Tuwaache.)

Mzee huyu aliinunua kwa pauni 30,000, na tangu siku ile hakuacha kuitengeneza. Aliondoa mashini ya zamani akatia mashini mpya ya mazutu. Alibadilisha kamba zote za chuma zinazoushika mlingoti, kwa sababu kamba hizo huchoka ndani kabla ya kuonekana zimechoka, na wenye bima wengi huanza kuuliza juu yake zikifika miaka 10 hivi. Alinunua matanga mapya. Alifunga mabamba ya kupata umeme wa jua, betri mpya, na chombo cha kuonyesha mahali mashua ilipo kwa nguvu ya setilaiti. Mkewe alishona mito yote upya. Ukijumlisha, mzee ametoa pauni 45,000 nyingine. Karatasi zote za malipo amezitunza katika kasha la bati, kwa tarehe, moja juu ya nyingine.

Sasa magoti yake yamechoka. Anataka kuiuza. Anaandika tangazo, kurasa mbili nzima, juu ya kila kitu kipya kilichomo. Na maneno yote ya kurasa zile ni kweli.

Lakini kuna jambo moja ambalo halimo. Miaka 6 iliyopita, kando ya pwani ya Bretagne nchini Ufaransa, maji yalipokuwa yamekupwa, mashua ile iligonga mwamba. Ilikuwa ikienda kwa mwendo mzuri. Ilisimama ghafula, vyombo vya jikoni vikaruka, na mama akaanguka juu ya meza. Wakarudi polepole bandarini, wakaipandisha mashua nchi kavu, wakatazama. Katika chuma cha mkuku palikuwa na kovu. Mzee akalijaza mwenyewe, akalisugua, akalipaka rangi. Tangu siku ile mashua haikuingiza maji. Na kwa kuwa kazi ile aliifanya kwa mikono yake, hakuna karatasi ya malipo katika kasha la bati.

Je, ni lazima aseme?

Yeye mwenyewe hujijibu hivi: «Sijui kama mashua ina ubovu. Najua tu kwamba iligonga. Nikisema, nitawatia watu hofu kwa kitu ambacho labda hakipo.» Na rafiki yake amwambia: «Mnunuzi ataleta mkaguzi wake. Hiyo ndiyo kazi ya mkaguzi. Kama kuna kitu, ataona. Kama haoni, hakuna.»

Maneno ya rafiki yanapendeza, basi tumtazame huyo mkaguzi kwanza. Ni mtu aliyejifunza, na mnunuzi ndiye anayemlipa. Hugongagonga mwili wa mashua kwa nyundo ndogo na kusikiliza sauti, maana mahali palipo pazima hulia na mahali palipooza hulia kwa uzito kama gunia. Huweka chombo cha kupima unyevu. Hutazama valvu za shaba zilizo chini ya maji, na akiona zimegeuka rangi ya waridi ajua kwamba maji ya chumvi yamekula zinki iliyomo, na valvu hiyo yaweza kuvunjika mkononi. Ni kazi nzuri. Lakini mkaguzi haoni ndani ya chuma. Bolti za mkuku zimepita katika mwili wa mashua. Vichwa vyake vyaonekana, shingo zake hazionekani. Ili kuziona, lazima kuinyanyua mashua na kuushusha mkuku. Mkaguzi hana ruhusa ya kubomoa kitu cha mwingine, wala siku moja haimtoshi. Hapa ndipo maneno ya rafiki yanapoanguka: mahali ambapo macho ya mkaguzi yanaishia, kuna mtu mmoja tu duniani ajuaye kulitokea nini, naye ni yule anayeuza.

Mashindano haya ni ya zamani sana. Cicero, Mroma, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, ameeleza habari ya mfanyabiashara mwema aliyepakia nafaka Alexandria akaipeleka Rhodes wakati wa njaa. Njiani aliona merikebu nyingine nyingi zenye nafaka zikija kuko huko. Akifika, awaambie watu wa Rhodes kwamba nafaka nyingine iko nyuma, au anyamaze na kuuza kwa bei ya njaa? Cicero awaleta walimu wawili wa Kigiriki wabishane. Diogenes wa Babiloni asema: kunyamaza si sawa na kuficha, mwenye kuuza afuate sheria, asiseme uwongo, yatosha. Antipater, mwanafunzi wake, akataa: mnunuzi asiachwe bila kujua kitu ambacho muuzaji akijua. Tena Cicero aleta mfano wa nyumba mbovu ambayo mwenyewe peke yake ajua ubovu wake. Mwishoni Cicero mwenyewe ahukumu pamoja na Antipater: mfanyabiashara hakupaswa kuwaficha watu wa Rhodes, wala mwenye nyumba hakupaswa kumficha mnunuzi.

Mtakatifu Tomasi wa Akwino, miaka 1,300 na zaidi baadaye, ameyachambua mambo haya kwa uangalifu zaidi. Juu ya nafaka yeye ni mpole: muuzaji akinyamaza juu ya bei ya kesho havunji haki, ingawa akisema au akipunguza bei ana wema mkubwa zaidi. Lakini juu ya ubovu wa kitu chenyewe hana upole. Ubovu ukionekana wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuutangaza, kwa sharti bei iwe ya farasi mwenye jicho moja. Ubovu uliofichika, unaoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima usemwe. Angalieni vizuri tofauti hiyo. Bei ya nafaka ya kesho haimo ndani ya nafaka. Mwamba wa Bretagne umo ndani ya mashua.

Sheria za nchi nazo hazisemi sauti moja. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1804 yamtaka muuzaji adhamini ubovu uliofichika, na sheria ya mwaka 1888 juu ya mapatano iliyowekwa hapa Kongo yafuata njia ile ile. Huko Uingereza, mtu binafsi akimwuzia mtu binafsi kitu kilichotumika, tangu zamani huambiwa kwamba mnunuzi ajiangalie mwenyewe. Muuzaji asiseme uwongo. Akisema, sheria ya mwaka 1967 yamruhusu mnunuzi kumdai fidia. Lakini akinyamaza tu, kwa kawaida sheria haimwulizi kitu. Huo ndio mlango wazi tuliousema. Mzee wetu aweza kuupita akiwa ameshika kofia yake, na hakuna mwenye kumzuia.

Sisi twasema hivi: habari ya mashua ni sehemu ya mashua. Mzee mwenyewe anakubali jambo hili bila kujua, maana lile kasha la bati atampa mnunuzi kwa furaha. Kwa nini ampe? Kwa sababu karatasi za mashini na za kamba za chuma ni habari ya mashua, nazo zaongeza bei yake. Basi kama habari njema inauzwa pamoja na mashua, habari mbaya nayo ni ya mashua, si mali ya mzee ya kubaki nayo nyumbani. Hawezi kuuza nusu ya kasha.

Tena hatari yenyewe si ya fedha. Mwezi wa 5 mwaka 2014, mashua moja ya matanga ilikuwa ikirudi kutoka kisiwa cha Antigua kwenda Southampton, katikati ya bahari ya Atlantiki. Jina lake Cheeki Rafiki; neno la pili msomaji alijua bila kufasiriwa. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 12, iliyojengwa mwaka 2006, haikuwa nzee. Mkuku wake ulikatika na kuanguka, mashua ikapinduka. Watu wanne waliokuwamo walikufa. Ilipoonekana, ilikuwa imeelea kichwa chini, na mtumbwi wa mpira wa kuokolea watu ulikuwa bado umo ndani yake, haujafunguliwa. Wachunguzi wa serikali ya Uingereza waliandika mwaka 2015 kwamba mashua ile ilikuwa imegusa chini ya maji mara kadhaa na kutengenezwa, na kwamba huenda mambo hayo yote pamoja yaliudhoofisha mwili wake. Wakaonya pia kwamba katika mashua za namna hiyo, hata kugusa chini kidogo kwaweza kuachanisha sehemu za ndani, na si rahisi kuona. Haikuwa habari ya kuuza na kununua, wala hatumhukumu mtu. Tumeileta kwa sababu yaonyesha kile ambacho mwamba mmoja waweza kukiacha nyuma yake.

Sasa tulirudie jibu la mzee: «Sijui kama ina ubovu.» Ni kweli, hajui. Mtakatifu Tomasi asema kwamba muuzaji asiyejua ubovu hana dhambi, ila akiujua baadaye lazima alipe fidia. Lakini kuna kutojua kwa namna mbili. Kuna mtu asiyejua kwa sababu hakuna aliyemwambia, na kuna mtu asiyejua kwa sababu anaogopa kutazama. Katika miaka 6 mzee huyu alibadilisha matanga, betri, hata jiko. Aliweza kuushusha mkuku. Hakuushusha. Tukimwuliza kwa nini, labda atasema kwamba ni gharama, na kweli ni gharama. Lakini matanga nayo yalikuwa gharama. Twafikiri kwamba moyoni anajua zaidi kuliko anavyosema.

Na hapa tunafika kwenye jambo linalotusumbua kuliko yote, yaani zile kurasa mbili. Kila kitu kipya ni kweli, lakini vitu vipya vikiwa vingi hivi vinageuka kuwa pazia. Mnunuzi kijana akisoma «mashini mpya, matanga mapya, kamba mpya» husikia «mashua mpya». Haoni tena kwamba mwili na mkuku ni vya mwaka 1980. Tena mafundi wa mashua wanajua ajabu hii: mara nyingi kitu kipya ndicho kinacholeta ubovu. Sitaha za mashua nyingi za namna hiyo zimejengwa kwa mbao nyepesi ya balsa, iliyowekwa katikati ya matabaka mawili ya nyuzi za kioo. Kila bamba la jua, kila chuma cha kufungia kamba, kila waya unaopita, wataka tundu. Tundu lisipozibwa vizuri, mvua huingia kidogo kidogo, na balsa huoza polepole chini ya kitu kile kile kilichotajwa katika tangazo kama sifa. Anayetoboa matundu 40 kwa miaka 14 asiseme tu amefunga nini. Aseme pia alitoboa wapi na alizibaje.

Kuna mashua moja mashuhuri iliyotolewa kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1892, nahodha Joshua Slocum, mtu asiyekuwa na kazi wakati ule, alipewa chombo na nahodha mwingine wa Fairhaven katika Marekani, ambaye alimwambia kwamba chombo kinataka matengenezo. Slocum alipofika alikuta mashua kuukuu imesimama shambani, mbali na maji, imefunikwa turubai. Na miaka ilikuwa imepita tangu iwekwe hapo. Ilikuwa mzaha wa mabaharia. Lakini ulikuwa mzaha wa haki, maana ubovu wote ulikuwa wazi kama jua. Farasi hakuwa na jicho moja. Hakuwa na jicho hata kidogo. Slocum aliijenga upya kwa miezi 13, taruma kwa taruma na ubao kwa ubao, na vifaa vikamgharimu dola 553 na senti 62. Kwa mashua hiyo, jina lake Spray, aliizunguka dunia peke yake, mtu wa kwanza kufanya hivyo, tangu mwaka 1895 hata 1898. Alijua kila msumari, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kuna kitu kizuri.

Na bei je? Mzee ametoa pauni 75,000 kwa jumla, lakini wanaojua bandarini wamwambia apate 40,000 ashukuru. Anaona ameibiwa. Mtakatifu Tomasi amruhusu mtu aliyekiboresha kitu kukiuza kwa bei ya juu, maana hiyo ni thawabu ya kazi yake. Hilo ni haki yake, na mnunuzi asilidharau. Lakini matanga yale mapya yamekwisha kupigwa na upepo wa miaka kadhaa, na upepo ule aliupata yeye. Mashini ile imewapeleka yeye na mkewe mpaka Hispania na kurudi. Sehemu kubwa ya zile pauni amekwisha kulipwa, na aliyemlipa ni bahari. Mito aliyoshona mama twaihurumia kweli. Lakini kijana anayekuja atailalia kama mito tu, na hawezi kutozwa kwa kumbukumbu zisizo zake.

Mnunuzi naye tusimwache aende bure. Kitabu cha Methali kinamjua: yule asemaye kitu ni kibaya, ni kibaya, kisha aenda zake akijisifu. Kijana akiona kwamba mzee magoti yamemshinda na malipo ya bandari yanaongezeka kila mwezi, asitumie shida ile kama nyundo. Na akisikia habari ya mwamba, apunguze bei kwa kadiri ya mwamba, asiifanye mashua nzima kuwa takataka ili ainunue kwa bei ya takataka.

Inabaki shida moja, wala hatutaki kuificha, isije ikasemwa kwamba na sisi tunauza bila kusema ubovu. Mzee akiandika karatasi ya mwamba na kuitia katika kasha, yawezekana mnunuzi wa kwanza akaondoka. Na wa pili. Hatuwezi kumwahidi kwamba ukweli utamlipa. Mara nyingi haulipi. Mashua ya jirani yake, ambaye labda aligonga mwamba mbaya zaidi na kunyamaza, itauzwa kabla ya Pasaka. Tukimwambia «vumilia» nasi hatulipi bandari, maneno yetu ni mepesi mno.

Lakini kuna kazi moja anayoweza kuifanya kabla ya mnunuzi wa tatu hajaja. Aipandishe mashua nchi kavu kabla ya baridi, mafundi waushushe mkuku, wazitoe zile bolti, azitazame kwa macho yake mwenyewe. Kwa siku chache atajua. Itamgharimu fedha nyingi, na sehemu yake hataipata tena. Kisha aiandike ile karatasi upya, kwa tarehe, kwa habari atakayoikuta, naye mama akiwa amesimama kando, maana yeye ndiye aliyeanguka juu ya meza siku ile, na tangu miaka 6 hakuna aliyemwuliza maoni yake.